Kipindi cha Mwisho cha Bibi Zamda

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye mmeshamwambia hana tena mahali pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni. Halafu mkaniomba niwaandikie mbinu za kusimulia hadithi, zile nilizotumia miaka yote kwenye mchezo wetu wa redio, ili nisiondoke nazo. Nimejaribu kuandika orodha: tashbihi, sitiari, taharuki, kisengere nyuma. Nilipofika hapo nikaona ninaandika daftari la kidato cha tatu, nikachana karatasi. Kila mbinu ninayoijua ina mtu nyuma yake, na wale niliotaka zaidi kuwaona sitawaona tena. Kwa hiyo nitawaandikia watu, mbinu mtaziokota njiani.

Nilipoanza, redio yetu ilikuwa vyumba vitatu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi pale mjini Morogoro. Chumba cha kurekodia kilikuwa kimezibwa kwa mablanketi na trei za mayai ili sauti isirudi, na ukiingia mchana unatoka umelowa jasho. Baba yangu alitoka Bukoba kuja kufanya kazi kiwanda cha nguo, nikakulia kwenye nyumba za wafanyakazi, kwa hiyo milima ya Uluguru kwangu ilikuwa kitu cha kutazama wakati wa kuanika nguo. Ndiyo maana siku ya kwanza nilikuja na mchezo wenye ukurasa mzima na nusu wa kuisifia. Ukungu uliivaa milima kama shela la bi harusi, nadhani ndivyo nilivyosema. Nililipenda sana lile shela.

Mtayarishaji wa michezo alikuwa Mzee Agapiti, Mngoni aliyefundisha fasihi huko Songea kabla ya kuja kwetu. Miwani yake ilishikiliwa na uzi mweusi upande mmoja. Alisoma ukurasa wangu wa kwanza, akanitazama juu ya miwani.

"Binti, huu ukungu unasikika?"

"Hausikiki, mzee."

"Basi utoe. Nani kaja?"

"Bado hajaja mtu. Anakuja ukurasa wa nne."

"Mlete wa kwanza. Watu wanasikiliza huku wanamenya njegere. Hawawezi kumngoja mtu ambaye hata hawajaambiwa kama yupo."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Kesho yake nikaanza na mtu anayegombana na mwenye lori juu ya nauli ya mbuzi, na ukungu nikaupeleka kwenye kikohozi cha dereva. Mzee alisoma, akaweka tiki ndogo kwa kalamu nyekundu, akaenda kunywa chai. Sikuwahi kupata sifa kubwa kuliko ile tiki, na mpaka leo nikiandika jambo zuri hushika tama nikiitafuta.

Vifaa vyetu mngevicheka. Hatua za mguu tulizipata kwenye sinia la kokoto. Shamba la mahindi lilikuwa maganda makavu ndani ya gunia, mto ulikuwa beseni na sponji. Mvua ilikuwa mchele kwenye ungo, mpaka siku fundi mitambo alipoupika. Utepe ukikosewa ulikatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa gundi, na fundi alikuwa na kovu kwenye kila kidole. Leo mnabonyeza kitufe mnapata mvua ya nchi yoyote mnayotaka, lakini mimi bado naisikia ile ya mchele kuwa ndiyo mvua ya kweli.

Mchezo uliitwa Njia ya Mgeta, na ulihitaji bibi. Tulijaribu akina mama wa kwaya, wote wakasoma kama wanatangaza mkutano wa hadhara. Tulimpata bila kumtafuta. Mwanamke mmoja alikuja mapokezi kuulizia tangazo la msiba wa binamu yake alilokwisha kulipia, akaambiwa limekwisha kusomwa, naye alikuwa amekaa na redio asubuhi nzima asilisikie. Ugomvi wake ulipenya mablanketi, ukapenya trei za mayai, ukaingia kwenye utepe tuliokuwa tunarekodi. Mzee Agapiti akavua vipokea sauti vyake.

"Mleteni huyo mwenye kelele," akasema. "Asitulizwe kwanza."

Huyo ndiye Bi Sikudhani. Kwao Mgeta, juu kabisa, alilima karoti na kabichi na kuziteremsha mwenyewe sokoni mjini kila wiki. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri wa mama mdogo, ana mguu mmoja unaochechemea kidogo, na sauti nzito yenye mkwaruzo, maneno yakipanda na kushuka kama Waluguru wa milimani wanavyosema. Akawa Bibi Zamda, bibi anayeishi mlimani na mjukuu wake, na ndiye aliyesimulia hadithi yenyewe. Mimi nilikuwa mwandishi, lakini nchi nzima ya Mgeta hakuna aliyelijua hilo. Walidhani Bibi Zamda anaongea tu.

Kusoma alisoma polepole, hakupenda. Kwa hiyo kabla ya kurekodi nilimsomea mimi, naye anasikiliza amefumba macho. Siku moja nilimsomea pale Bibi Zamda anaposema moyo wake umezama kama jiwe baharini. Akafumbua jicho moja.

"Bahari nimeiona mara moja Dar, wala sikuipenda. Edina mwanangu, huyu bibi yako kabeba nini maisha yake yote?"

"Mboga."

"Haya. Mwambie moyo wake mzito kama tenga la kabichi lililonyeshewa. Hapo hata mimi begani nitausikia."

Tangu siku hiyo, nikitaka kufananisha kitu, kwanza namwuliza mhusika wangu amebeba nini na amepita wapi. Nyinyi mnapenda kuandika kwamba binti alitabasamu kama malaika. Mmemwona wapi malaika mkaona na meno yake?

Msidhani alikuwa mwalimu wangu wa kila kitu. Alikuwa pia balaa. Maneno ya kwenye karatasi aliyatazama kama watu wanavyotazama bei iliyobandikwa sokoni, kitu cha kuanzia mazungumzo. Katika hadithi, mume wa Bibi Zamda alikuwa amekwenda Kilombero kukata miwa, na mimi nilikuwa nimempangia kurudi na mke mdogo. Ningepata vipindi vingi sana hapo. Jioni moja Bi Sikudhani, katika kupamba maneno, akasema "marehemu mume wangu." Hakuna aliyegundua. Fundi hakugundua, Mzee hakugundua, mimi nilikuwa ninatikisa gunia la maganda. Kipindi kikaenda hewani, na asubuhi watu wakafika mapokezi kuuliza marehemu alizikwa wapi na kwa nini hawakuambiwa.

"Mzike," Mzee Agapiti akaniambia.

"Mzee, huyu mtu mzima kabisa! Nimeshampangia mke!"

"Msikilizaji ameshamlilia. Huwezi kumwambia mtu machozi yako yalikuwa ya bure. Mzike vizuri, halafu ukimhitaji umrudishe kwa kumbukumbu."

Ndivyo nilivyojifunza kisengere nyuma, yaani kuirudisha hadithi kwenye yaliyopita. Nilimzika, na baada ya majuma kadhaa nikamleta, kijana, akimchumbia Zamda kwenye mfereji wa maji. Niliona nimefanya kazi nzuri sana. Wazee kutoka Mkuyuni wakaja, wamevaa kanzu safi, wakakaa kwenye benchi la mapokezi. Msemaji wao akasema kwa upole kwamba walikosa vipindi vya katikati kwa sababu ya kuvuna, wakafungua redio wakamkuta mtu aliyezikwa anasalimia watu. Wao walishatoa rambirambi huko kwao, kwa kikao. Sasa walitaka kujua: amefufuka, au msiba ule ulikuwa wa uongo?

Mzee Agapiti hakucheka. Aliwaagizia chai, akawaeleza. Wakaelewa, wakaondoka wakimsikitikia marehemu upya. Kisha akanigeukia.

"Ukimrudisha msikilizaji nyuma, mshike mkono. Mpe kitu kimoja cha kale akishike wakati mnatembea."

Kuanzia hapo kila tuliporudi zamani tulianza na kinu. Zamda alikuwa akitwanga alipokuwa msichana. Msikilizaji akisikia kile kinu anajua tumerudi, na kikinyamaza anajua tumefika leo. Hatukutumia filimbi wala mwangwi wa kama mtu yuko kisimani. Mkitumia ule mwangwi nitajua, redio ninayo.

Mbinu iliyotupa jina ni taharuki, kumwacha mtu na hamu inayomkereketa mpaka kipindi kijacho. Mwanzoni nilijua njia moja tu: kila kipindi kiliisha kwa kubisha hodi. Bi Sikudhani akachoka.

"Huu mlango utang'oka, Edina. Halafu kwetu hodi haimshtui mtu. Mgeni unamwona tangu bondeni. Anapanda, anapumzika, anapanda tena. Unamjua ni fulani. Usichokijua ni anakuleteeni nini."

Nilienda kwao nikaona kwa macho yangu. Tulikaa nje ya nyumba yake tukamwona mtu chini kabisa, mdogo kama mbegu, na mpaka alipotufikia sisi tulikuwa tumeshataja kila balaa linaloweza kumleta. Alikuja kuazima jembe. Nikaandika kipindi kizima ambacho mjumbe anapanda mlima na Bibi Zamda na mjukuu wanamtazama, mazungumzo yao tu, na kipindi kikaisha mjumbe akiwa kwenye kona ya mwisho. Wiki ile tuliambiwa malori ya mboga ya Mgeta hayakuondoka kwenda Dar mpaka kipindi kilichofuata kilipoisha, madereva na wapakiaji wote wamezunguka redio moja kwenye kibanda cha chai.

Na Bibi Zamda alikuwa mwongo. Hilo lilikuwa wazo langu, acheni nijisifu kidogo. Nilimfanya msimulizi usiyemwamini moja kwa moja. Alidanganya umri wake, alidanganya kwamba hakuwahi kumpenda marehemu, alidanganya kwamba hajali mjukuu akiondoka. Bi Sikudhani alikuwa na kikohozi kidogo alichokitia kabla ya kila uongo. Hatukukiandika popote. Wasikilizaji wakakizoea, na nyumbani watu wakawa wanacheka kabla hajamaliza sentensi, kwa kuwa wanajua anachokificha yeye anayedhani amekificha. Vitabuni hiyo ni kinaya. Kwetu ilikuwa kikohozi cha Sikudhani.

Miaka ikaenda. Tepu zikaondoka, zikaja kompyuta, likaja jengo jipya lenye vioo. Mzee Agapiti alistaafu akajenga kule Mazimbu, na mimi nikakaa kwenye kiti chake. Bi Sikudhani aliendelea kushuka mlima kila wiki. Baada ya kurekodi tulikaa uani tukala karoti mbichi kutoka kwenye tenga lake, tukizungumza habari za Bibi Zamda kama tunamsengenya jirani. Yeye humtetea, mimi humsema. Sijui niwaambieje ninavyozitamani karoti zile. Sokoni zipo, nanunua, naziosha, nakula, na si zile. Mtu alinishauri nipate shughuli ya kunifanya nisahau. Sitaki kusahau. Ningependa anifokee tena, hata kwa robo saa, kwamba nimemfanya Zamda mjinga.

Alikuwa na mtoto mmoja, Zuhura, muuguzi huko Mwanza. Bi Sikudhani alipougua hakutaka aambiwe, kwa kuwa Zuhura alikuwa ndio kwanza ameanza kazi. Hali ikabadilika ghafla. Alifariki kwake Mgeta alfajiri, akazikwa siku hiyohiyo baada ya adhuhuri kama ilivyo kwao Waislamu. Zuhura alipanda basi alipopata habari. Alifika siku iliyofuata na kukuta udongo umeshalainishwa kwa viganja. Hakuuona uso wa mama yake, hakuisikia sauti yake, na mara ya mwisho kuongea kwenye simu walizungumzia bei ya godoro.

Mimi nilipanda na lori lililokuwa linarudi tupu, nikawahi. Pale uani kwa wanawake nikamwona Chausiku.

Lazima niwaeleze kwa wale wasiokulia huku. Waluguru wana koo zinazotaniana tangu mababu. Msiba ukiwa kwa ukoo huu, watani kutoka ukoo ule huja, na hawaji kulia. Wanakuja kuvuruga. Wanaficha sufuria, wanajilaza mahali pa kupita jeneza, wanamuiga marehemu namna alivyotembea na kugombana, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Chausiku alikuwa mtani wa Bi Sikudhani. Alikuwa amejifunga khanga ya marehemu, anachechemea kwa mguu uleule, anakagua masufuria ya pilau.

"Nani kakata hivi vitunguu?" akauliza. "Mnapikia watu au mnapikia ng'ombe? Mimi nimelala kidogo tu, tayari mmeharibu!"

Ilikuwa sauti ya Sikudhani, na ule mkwaruzo, na kabla ya "nimelala kidogo tu" alitia kile kikohozi. Wanawake wakaangua kicheko huku wanafuta machozi kwa ncha za khanga. Nami nilicheka mpaka nikashikwa mabega.

Pale redioni meneja alitaka tutafute sauti nyingine, au tuseme Bibi Zamda amesafiri. Wasikilizaji walikuwa wameshasikia tangazo la msiba, wanapiga simu kuuliza tutafanya nini. Ndipo Zuhura akaja. Alikuwa amebakiza siku chache kabla ya kurudi kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

"Naomba nimsikilize mama. Kwenye tepu za zamani."

Ilinibidi nimweleze kwamba zile tepu tulizitumia tena na tena, tukirekodi juu ya zilizopita, na kwenye kompyuta tulikuwa na vipindi vichache ambavyo alishavisikia. Alitikisa kichwa taratibu. Kisha akasema bila kunitazama.

"Basi niandikie. Wewe ndiye uliyekuwa unamwandikia. Niandikie aniage."

Nikamwambia nitajaribu. Hakuna kazi niliyowahi kuitaka zaidi, na sikuwa na sauti ya kuyasema maneno ya mama yake isipokuwa ya Chausiku.

Niliandika kipindi ambacho kingewaliza mawe. Bibi Zamda yuko kitandani, mvua inanyesha, jua linazama wakati huohuo bila kujali mvua, naye anamuaga mjukuu kwa maneno marefu, mazuri, yenye takriri na sitiari na kila kitu nilichowahi kukijua. Nikampelekea Chausiku huko Mgeta, nikamsomea barazani kwake. Alisikiliza hadi mwisho. Akaniletea maji ya kunywa.

"Hii siwezi."

"Ni ndefu? Nitaipunguza."

"Si urefu. Mimi ni mtani, mwandishi. Nikivaa khanga ya Sikudhani nina ruhusa ya kuchekesha. Hiyo nimepewa na wazee, wake na wangu. Kumliza mtoto wa marehemu kwa sauti ya mama yake, hiyo sijapewa. Hiyo ni kuita mzimu."

"Lakini Zuhura mwenyewe ndiye aliyeomba."

"Ameomba aagwe. Kaomba alizwe? Halafu mtani hatanii peke yake. Mfiwa lazima awepo mbele yangu. Kama namchekesha Zuhura, akae hapo nimwone."

Niliteremka mlima na kurasa zangu, nikapitiliza hadi Mazimbu kwa Mzee Agapiti. Alikuwa amezeeka sana, amekaa kwenye kiti cha kamba na blanketi miguuni mchana wa jua. Nikamwambia ninatakiwa kuandika kuaga ambako ni kichekesho, na hakuna mtu anayesema kwaheri.

"Huyo bibi anataka nini?" akauliza. Miaka yote swali lake lilikuwa hilo.

"Anataka kumuaga mjukuu."

"Hapana. Hilo unalitaka wewe, na yule mtoto. Mtu anayetaka kusafiri anataka nini?"

Nikamwona Bi Sikudhani uani, anajiandaa kurudi kwao, lori linapiga honi, naye anageuza kila kitu akitukana.

"Anatafuta kitu alichokipoteza."

"Nani kakificha?"

Nilijua nani, na nadhani yeye alijua kwamba nimejua, kwa kuwa aliniambia niende nikaandike kabla giza halijaingia. Mzee Agapiti naye alikufa kabla ya mwaka kugeuka. Sikuwahi kumwonyesha kurasa zile.

Kipindi kilikuwa hivi. Bibi Zamda anasafiri. Haielezwi anakwenda wapi. Mzigo umeshafungwa, lori linangoja barabarani, lakini haioni kata yake, ule mviringo wa nguo anaouweka kichwani kubebea tenga. Bila kata haondoki. Anatafuta nyumba nzima huku anamsema mjukuu. Mjukuu ameikalia. Wasikilizaji wanajua tangu mwanzo, Bibi hajui, au anakohoa kidogo na kusema hajui. Basi. Hakuna mvua, hakuna jua kuzama. Mwishoni mjukuu anaitoa na kusema, "Hii hapa kata yako, Bibi."

Chausiku alishuka na lori la mboga. Zuhura, niliyempa nafasi ya mjukuu, hakuwa amewahi kuigiza, nikamwambia asome tu. Niliwakalisha wakitazamana, nikaweka kata halisi ya nguo kwenye kiti cha Zuhura akaikalia kweli, kwa sababu mtu aliyekalia kitu husema kwa namna nyingine. Fundi akainua kidole.

Chausiku alianza, na baada ya mstari wa pili aliiacha karatasi yangu kabisa, kama Bi Sikudhani mwenyewe alivyokuwa akifanya.

"Nyanyuka hapo nitazame! Kwanza umekonda. Huko Mwanza sato wote wanakula wao, wewe unapewa miba?"

Zuhura aliangua kicheko. Hakikuwa cha kuigiza. Kilimtoka kwa nguvu hata sindano ya mtambo ikaruka, na fundi akarudisha sauti chini haraka.

"Unacheka! Nakuuliza kata unanitolea meno! Ulivyokuwa mdogo ulinificha viatu nisiende sokoni, nikaenda peku. Nikaacha kwenda? Sikuacha."

"Uliniletea andazi," Zuhura akasema. Hilo halikuwa kwenye karatasi. Sikulijua mimi, na nadhani hata Chausiku hakulijua.

"Nikakuletea andazi, ukala, ukasahau kulia. Nyanyuka."

Fundi akapiga honi ya lori. Zuhura akanyanyuka, akaichukua ile kata, akaishika kwa mikono yote miwili. Hakusema mstari wake. Tukangoja. Redioni ukimya ni kitu cha kuogopwa, msikilizaji anadhani umeme umekatika, na mimi maisha yangu yote nimewafokea watu kwa kunyamaza mbele ya kipaza sauti. Fundi alinitazama. Nikamwonyesha kiganja: acha.

"Lete, mwanangu," akasema Chausiku. "Gari linangoja."

Zuhura akaleta kata mpaka mbele ya kipaza sauti, akampa.

"Chukua, mama."

Chausiku akaipokea kata kwa mikono miwili, akaiweka kichwani, na tukasikia hatua za mguu unaochechemea zikipita kwenye sinia la kokoto, kisha lori likaondoka.

Niliuliza kama Zuhura angependa turudie ule mstari wa mwisho, maana ulipaswa kuwa "Bibi." Alisema hapana, asante. Kilikwenda hewani hivyohivyo, jioni. Kesho yake simu zililia tangu asubuhi, kutoka Mgeta, kutoka Mkuyuni, kutoka kwenye mashamba ya miwa. Walitaka kujua Bibi Zamda amefika salama, na kama mjukuu ana mtu wa kumpikia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini alimwita bibi yake mama.